Kubadilishana figo si kuuziana figo

Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kutoa habari za vijana wanaodaiwa kulipwa fedha ili watoe figo zao kwa wagonjwa kutoka nje. Tangu hapo, mjadala wa figo huku kwetu, uwe wa redioni au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, huishia kwenye sentensi moja: anayetoa figo awe ndugu wa mgonjwa, kwisha. Asiye ndugu ni muuzaji. Naielewa hasira hiyo, wala sina neno la kuwatetea madalali. Lakini sharti la undugu peke yake ni kufuli la mlango wa mbele huku dirisha la uani likiwa wazi, kwa sababu undugu wa karatasi hutengenezwa: cheti cha ndoa ya wiki iliyopita, hati ya kiapo yenye mhuri wa wakili, binamu aliyepatikana jana. Na kufuli hilohilo linawafungia nje watu wasio na hatia, wenye ndugu wa kweli aliye tayari kabisa, ila figo yake haipokeleki mwilini mwa mgonjwa.

Kwa watu hao ipo njia ambayo nchi nyingine zimeitumia kwa zaidi ya miaka 30: familia mbili zilizokwama hubadilishana figo. Wengi wakisikia hivyo husema hiyo ndiyo biashara yenyewe, imevishwa kanzu tu. Mimi naona kinyume chake. Kubadilishana kukifanywa kwa daftari moja la umma, chini ya sheria iliyoandikwa waziwazi, kunamnyima dalali mteja wake wa kwanza. Na wakati wa kuliwekea jambo hili utaratibu ni sasa, maana huduma yenyewe imeshafika mlangoni. Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, King Faisal ya Kigali 2023, na Mulago ya Kampala Desemba mwaka huohuo. Kenya ilitangulia wote kwa miaka mingi. Kabla ya hapo habari ya figo kwetu ilikuwa habari ya India, na ya michango ya harusi kugeuzwa michango ya tiketi.

Tuanze na mahali mambo yanapokwama, kwa sababu wengi hudhani tatizo ni ndugu wasiopenda kutoa. Wapo, na nitawarudia. Lakini wapo wengine, na mmoja nilikaa naye benchi moja. Ni mzee wa mtaani kwetu. Mkewe alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, ingawa kiwango kinachotakiwa kwa wagonjwa wengi ni mara tatu, saa nne kila mara. Mzee alikuwa kundi O, mke kundi O. Aliacha sigara, akapungua tumbo, shinikizo la damu likakaa sawa, akaanza kuaga marafiki kana kwamba anakwenda Hija. Kikabaki kipimo cha mwisho, kile ambacho maabara huchanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na chembe nyeupe za damu ya mtoaji ili kuona kama zitapatana. Hazikupatana. Daktari alimwuliza mama swali moja tu: umezaa mara ngapi? Mara tano.

Jibu lilikuwa humo. Mtoto tumboni hubeba nusu ya alama za mwili kutoka kwa baba, na mwili wa mama huweza kuzitambua alama hizo kama ngeni na kuzitengenezea kingamwili. Mimba ikipita, kingamwili zinaweza kubaki kwa miaka, kama mlinzi anayekumbuka sura. Siku figo ya baba huyohuyo ikiletwa, mlinzi ana kumbukumbu tayari. Kuongezewa damu nako huacha walinzi wa namna hiyo, na figo iliyopandikizwa zamani ikafa pia. Kwa hiyo watoto watano waliompa mzee yule jina la baba ndio waliomzuia kumpa mkewe figo. Sheria inayosema mchangiaji awe mume, mke au ndugu wa damu haina la kuwaambia wawili hao. Wametimiza kila kitu ilichotaka, na mama bado yuko kwenye mashine.

Kizuizi cha pili ni rahisi zaidi kukieleza, nacho ni kundi la damu. Figo ya O humfaa yeyote, ya A humfaa mwenye A au AB, ya B humfaa mwenye B au AB, na mgonjwa wa O hupokea ya O peke yake. Ile chanya na hasi tunayoandikiwa kwenye kadi ya kuchangia damu haihesabiki hapa. Sasa chukua mume wa Temeke mwenye kundi A anayetaka kumpa mkewe mwenye B. Mwanza kuna dada mwenye B anayetaka kumpa kaka yake mwenye A. Kila familia ina figo nzuri isiyowafaa wao na inayoifaa familia ya pili. Figo ya mume inakwenda kwa kaka wa Mwanza, ya dada inakuja kwa mke wa Temeke. Hakuna aliyepata figo mbili, hakuna aliyeondoka na bahasha, na kila aliyetoa ametoa kwa sababu ya mtu wake. Familia zikiwa tatu, mzunguko unakuwa wa pembe tatu. Zikiwa nyingi, kompyuta hutafuta mpangilio utakaowafikia wagonjwa wengi zaidi.

Kanuni inayofichua tabia ya jambo hili ni ile ya muda. Mabadilishano ya familia mbili hufanywa siku moja, watoaji wote wakilazwa nusukaputi karibu saa ileile, maana yake thieta nne na timu nne. Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu zawadi haidaiwi mahakamani. Mke wa Temeke akishapata figo, kisha mume akabadili nia kesho yake, hakuna hakimu atakayeamuru akatwe. Mtu ana haki ya kukataa mpaka dakika ya mwisho, na haki hiyo ikiondolewa, kinachobaki si kutoa tena. Ajabu ni kwamba watu husema mabadilishano ni mkataba wa biashara, wakati madaktari wanajaza thieta nne kwa mpigo kwa sababu tu hakuna mkataba wa biashara wa kuutegemea.

Wazo hili aliliandika daktari Felix Rapaport mwaka 1986. Seoul, Korea Kusini, wakalifanya kweli mwaka 1991. Ulaya ilianzia Basel, Uswisi, 1999. Uholanzi ikawa na mpango wa nchi nzima Januari 2004, na mwaka huohuo mchumi Alvin Roth na wenzake Tayfun Sönmez na Utku Ünver wakachapisha hesabu za namna ya kuzipanga familia nyingi kwa pamoja. Roth alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, na kazi ya figo ilikuwa sehemu ya sababu. Napenda kuutaja uchumi huo kwa sababu ni uchumi usio na bei: namna ya kugawa kitu ambacho jamii imekataa kisiuzwe. Kisha ukaja mnyororo. Julai 2007 mtu mmoja wa Michigan, asiye na mgonjwa wake, alitoa figo kwa mgonjwa wa Phoenix, Arizona. Mume wa mgonjwa yule, ambaye figo yake haikumfaa mkewe, akatoa kwa mtu mwingine siku chache baadaye, na ndugu wa huyo akaendelea, mpaka madaktari walioongozwa na Michael Rees wa Toledo, Ohio, walipoandika mwaka 2009 kwamba watu 10 wameshapandikizwa. Katika mnyororo wa aina hii si lazima wote wapasuliwe siku moja, kwani kila familia hupokea kwanza ndipo itoe. Mtu akikimbia, mnyororo umekatika hapo, ila hakuna familia iliyotoa figo yake ikabaki mikono mitupu.

Sasa wapinzani. Hoja iliyoenea kuliko zote ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba figo kwa figo ni malipo, na malipo ya kiungo ni haramu. Wamarekani walijiuliza swali hilo mapema. Sheria yao ya 1984 inakataza kutoa kiungo kwa kitu chochote chenye thamani, na wanasheria wa hospitali walikuwa na wasiwasi kwamba figo ya kurudishiwa ni kitu chenye thamani. Mwaka 2007 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria fupi kusema waziwazi kwamba mabadilishano ya jozi, yaani mtoaji na mgonjwa wake, hayamo katika katazo hilo. Uingereza nayo ilisubiri sheria yake mpya ya tishu ianze kazi Septemba 2006 kabla ya mabadilishano ya kwanza ya 2007. Kwa ndugu Waislamu wanaouliza upande wa dini, baraza la fikihi la kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kutoa kiungo kwa masharti na kukataza kukiuza, na Riyadh hubadilishana figo za jozi bila kuona wamevuka mpaka huo.

Lakini tuache sheria, tutazame dalali anakula wapi. Dalali anaishi kwenye pengo: upande mmoja mtu mwenye njaa ya fedha, upande wa pili mtu mwenye fedha na kifo mlangoni. Mabadilishano hayana upande wa kwanza. Kila anayeingia anaingia na mgonjwa wake, na anachotoka nacho hakiuziki Kariakoo. Tena jiulize ni nani humpigia dalali simu kwanza. Si yule mwenye ndugu anayemfaa. Ni familia iliyopima watu wote wa nyumbani, mmoja amekubali, na kipimo kimegoma. Wamebaki na nia, na akiba ya kuuza kiwanja. Ukiwaambia watu hao kwamba asiye ndugu haruhusiwi, na ndugu waliye naye hafai, umewafungulia ukurasa wa namba za madalali.

Ipo hoja nzito zaidi ambayo sijaisikia ikisemwa sana, pengine kwa aibu. Kutofaa kwa figo ni mlango wa heshima wa kutokea. Mke mdogo anayesukumwa na wakwe zake, au kijana aliyeambiwa na wajomba kwamba yeye ndiye mwenye afya, huomba kimoyomoyo kipimo kikatae. Kikikataa, anarudi nyumbani bila lawama. Ukileta mabadilishano umemnyang'anya kisingizio: hufai kwa kaka yako, haya, utamfaa mtu wa Mwanza. Katika ukoo wetu, ambako kikao cha Jumapili huamua mambo ya mwili wa mtu aliyekaa kimya pembeni, hatari hii ni ya kweli, wala haiponywi na fomu ya kusaini. Inaponywa na mtu. Marekani kila mtoaji aliye hai hupewa mtetezi asiyefanya kazi kwa ajili ya mgonjwa, anayeongea naye faragha; na akisema hataki, familia huambiwa hafai kitabibu, bila maelezo. Uongo huo mdogo naukubali. Hospitali isiyo na mtu wa kazi hiyo isiruhusiwe kubadilishana, kwa sababu anayetoa figo anaingia kwenye upasuaji asiouhitaji mwili wake, na ingawa hatari ya kufa ni ndogo, kama watu 3 katika 10,000 kwa takwimu za Marekani za 1994 hadi 2009, watatu hao ni watu.

Hoja ya tatu ni fedha. Mabadilishano ya pembe tatu yanataka familia tatu ziwe tayari siku moja. Bima ya mmoja ikichelewa kuidhinisha, au harambee ikafika robo tatu tu, mzunguko mzima unavunjika, na anayeumia ni mgonjwa wa familia nyingine iliyokwisha jipanga. Tukiacha kila familia ijilipie, bila kusema lolote tutaanza kuwachagua wenye bima nzuri kwanza, na mwisho mpango utakuwa wa watumishi wa mashirika na wafanyabiashara. Wenzetu walipojaribu kuliruka tatizo la fedha, walijikuta pabaya. Mwaka 2015 wale madaktari wa Toledo waliwapeleka Marekani mume na mke kutoka Ufilipino. Damu zao zilipatana. Kilichokosekana kwao ni pesa ya upasuaji. Figo ya mke ikaingia kwenye mzunguko wa Wamarekani, mume akapandikiziwa ya Mmarekani, gharama zikalipwa. Watetezi wanasema watu wameishi kwa sababu ya mpango ule. Wapinzani, wakiongozwa na watu wazito kama Francis Delmonico, daktari Mmarekani wa upandikizaji, walisema umaskini umegeuzwa kuwa tiketi ya kuingilia. Hapa nasimama na wapinzani, kwa nusu. Sina shaka na wema wa waliofanya. Shaka yangu ni hali ya kuuchukua mpango ule na kuuleta kwenye nchi ambayo haiwezi kuhakikisha dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, ambazo humezwa kila siku maadamu figo hiyo ipo, mfadhili atakapochoka. Tuanze na familia ambazo kikwazo chao ni damu, na bima ya umma ilipe mzunguko mzima kama kitu kimoja. Mashine ya kusafisha damu nayo inalipiwa, tena kila wiki, mpaka mtu afe.

Wengine husema idadi yetu ni ndogo, jozi chache hazizai mechi, yaani jozi zinazofaana. Ni kweli kwamba mabadilishano yanataka wingi, lakini damu zetu zinatusaidia kuliko wanavyodhani. Mechi rahisi ni ya A na B kukutana na B na A, na huko Ulaya kundi B ni adimu, A ni tele, hivyo upande mmoja hupungukiwa. Korea na India, ambako B ni wengi, mechi hizo zimekuwa nyepesi zaidi. Afrika Mashariki B ni kama mtu mmoja kati ya watano na A yuko karibu naye. Tatizo letu litakuwa O, ambao ni karibu nusu yetu. Mtoaji wa O kwa kawaida humfaa mtu wake moja kwa moja, hivyo haingii kwenye daftari, huku wagonjwa wa O wakirundikana humo wakimsubiri. Wa O wanaoingia ni wale tu waliozuiwa na kingamwili. Mzee wangu wa benchi, aliyeambiwa hafai, ndiye ambaye daftari lingemwona kama dhahabu. Mkewe ndiye mgumu kumtafutia, na figo ya mzee ndiyo ingemnunulia nafasi. Nimeandika "ingemnunulia" na najua mpinzani atalidaka neno hilo. Alidake. Lugha yetu hununua ugomvi pia, na hakuna duka.

Kinachonitisha kuliko uchache ni ubinafsi wa hospitali. Marekani kila mtu alianzisha daftari lake: kuna la taifa, kuna ya mashirika binafsi, na hospitali kubwa zina yao. Hospitali huweka jozi rahisi nyumbani na kutupa jozi ngumu kwenye daftari la wote, kisha wote wanashangaa mbona daftari la wote limejaa wagonjwa wa O. Uholanzi ilifanya kinyume. Vituo vyote saba viliingia pamoja tangu siku ya kwanza, na maabara moja ya Leiden ikapewa vipimo vya mwisho vya kulinganisha damu za wote, ili asiwepo wa kubishana na majibu ya mwenzake. Watoaji ndio waliosafiri kwenda hospitali ya mpokeaji, figo haikuwekwa kwenye barafu. Sisi tunafanana na Uholanzi zaidi: vituo ni vichache, basi la Dodoma hadi Dar es Salaam lipo, na hakuna aliyejenga himaya bado. Baadaye ndipo tuulizane kama Kampala, Kigali, Nairobi na Dar wanaweza kusoma daftari moja. Mwaka 2021 Israeli na Abu Dhabi walibadilishana figo kwa ndege, na wao walikuwa na sababu nyingi za kutoaminiana kuliko sisi.

Kazi ya kwanza haihitaji hata sheria. Kila hospitali inayopandikiza ina kabati la mafaili ya watu waliopimwa wakaambiwa hawafai: jina, kundi la damu, majibu ya tishu, na sababu ya kukataliwa. Wizara iombe jambo moja tu, mafaili hayo yahesabiwe, majina yakiwa yamefunikwa, na ionekane wangapi walikataliwa kwa moyo au sukari, na wangapi kwa sababu figo yao nzima, yenye afya, ilikuwa ya mtu mwingine. Faili la mzee wa mtaani kwetu limo humo. Juu ya jalada limeandikwa kwa kalamu nyekundu: O, hafai.